Alama ya Mfereji wa Chini

Majaruba mawili ya Sharifa yalikauka katika wiki ambayo mpunga unachanua, na zilipita siku nne kabla watu hawajajua kosa lilikuwa la nani. Kwanza alilaumiwa jirani yake wa juu, kwamba anaiba maji. Halafu likalaumiwa lango la mfereji, kwamba limeoza na halifunguki vizuri. Mwishowe wanachama watatu walikwenda ofisini kwa katibu wa zamu, Mzee Jabiri, wakamwomba awaonyeshe anachosoma kila asubuhi. Akawaonyesha kwa kidole kwenye skrini ya kompyuta ya chama. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba kwa siku kumi na moja alikuwa anafungua programu isiyo yenyewe.

Chama chenyewe ni kidogo. Ni wakulima sitini na wawili wanaogawana mfereji mmoja wa pembeni, chini kidogo ya Ndungu, na kwa miaka kumi na tisa zamu zao za maji ziliandikwa na Mzee Jabiri kwenye daftari la jalada gumu. Mwaka huu walipata kompyuta, na programu ya kupanga zamu wakaandikiwa na Agape Mbwambo, binti wa miaka ishirini na sita kutoka Same mjini, mwenye diploma ya kompyuta, anayeshinda kwenye duka la steshenari akitengeneza printa na kuwachapia watu barua. Programu ilipanga zamu bila kukosea. Hilo hata Sharifa hakulibisha.

Agape aliitwa siku ya Alhamisi. Alikuta watu tisa ofisini na kiti kimoja kitupu, kilichowekwa mbele ya kompyuta.

"Hii ni ipi?" aliuliza mwenyekiti, Melkizedeki, akigusa skrini kwa ncha ya kalamu.

"Hiyo ni ya majaribio, zamu zake ni za kubuni. Niliitumia kufundishia mwezi wa kwanza."

"Na hii?"

"Hiyo ndiyo yenyewe."

"Na hizi mbili?"

"Ya orodha ya wanachama, na ya ghala la mbolea."

Mwenyekiti alizitazama zote nne kwa zamu. Programu ambayo haikupewa picha yake, kompyuta huivalisha karatasi nyeupe, na hapo zilikuwapo karatasi nyeupe nne zimepangana. Majina chini yake yote yalianza na Mfereji wa Chini, kisha yakakatwa kabla ya kufika penye tofauti.

"Sasa mzee angejuaje?"

"Nilimwelekeza abonyeze ya kwanza juu."

"Ikahama," alisema Mzee Jabiri. Alikuwa amesimama mlangoni, mbali na meza. "Umeme ulikatika. Uliporudi zilikuwa zimejipanga zenyewe. Mimi nikabonyeza ya kwanza juu, kama ulivyosema."

Sharifa alikuwa amekaa kwenye benchi, kanga imefungwa kiunoni, miguu ina tope lililokauka. Mume wake yuko bwawa la Nyumba ya Mungu kwenye uvuvi, na shamba ni lake yeye na mikono yake. Alingoja wanaume wamalize.

"Binti," alisema, "mimi kompyuta siijui. Lakini jikoni kwangu chumvi na sukari siziweki kwenye makopo ya namna moja."

"Samahani, mama."

"Nimekusikia."

Agape aliifuta ile ya majaribio palepale, mbele yao. Zikabaki tatu, nyeupe zote. Mwenyekiti akamwita Mzee Jabiri akae ajaribu kuichagua ile ya maji, na mzee akakataa kwa kutikisa kichwa.

"Mimi hicho kitu sikishiki tena. Miaka kumi na tisa hakuna jaruba lililokauka mkononi mwangu. Sasa madereva wa bodaboda wananiuliza kama jina langu bado nalikumbuka."

Ikaamuliwa kwamba mkutano ungekaa tena Jumatano. Kama siku hiyo Mzee Jabiri angeweza kuichagua programu ya maji mwenyewe, bila kuelekezwa na mtu, wangeendelea nayo. Kama hangeweza, kompyuta ingefunikwa kitambaa na daftari lingerudi. Agape alijua pia kwamba vyama viwili vya mifereji ya juu vilikuwa vinangoja kusikia habari za hapo kabla ya kumwita. Hakuna aliyemtajia. Hakukuwa na haja.

* * *

Nyumba yao iko Same mjini, upande wa juu wa barabara kuu, ambako upepo unavuma mchana kutwa na kulaza vumbi kwenye kila dirisha. Baba yake, Hezroni, ni mchora mabango. Alishuka kutoka Bombo, huko milimani, akiwa kijana, na kwa miaka thelathini na mitano aliandika kwa brashi majina ya gereji, saluni, shule na maduka ya dawa ya mji huo. Siku hizi mabango yanachapwa kwa mashine kwenye plastiki, na yeye akipata kazi mbili kwa mwezi anashukuru. Kazi ya mwezi huo ilikuwa ubao wa zahanati ya mtu binafsi, na ulikuwa umesimama uani, nusu umeandikwa.

Jioni ile walikula makande, na Agape akawaeleza yaliyotokea. Alieleza kwa kifupi, bila kumtaja Sharifa.

"Kwa hiyo kinachotakiwa ni picha," Hezroni alisema. "Nitakuchorea."

 Agape alizipenda kazi za baba yake, zile herufi zenye kivuli na zile kona zilizopindwa kama utepe, lakini alizipenda kama watu wanavyopenda picha za harusi za zamani. Hakuona zingekaa wapi ndani ya kompyuta.

"Ni kitu kidogo sana, baba. Kama ukucha."

"Nimewahi kuandika jina la bwana harusi kwenye mpini wa kijiko."

"Baba Agape, una ubao wa watu," mama yake, Ernesta, alidakia. "Umalize huo kwanza. Na mimi kesho naenda Bombo msibani, sitakuwepo."

Aliyasema mambo hayo mawili kwa pamoja, kana kwamba moja linalitegemea jingine, na Agape hakulitilia maanani. Hezroni akaendelea kutafuna.

"Sawa," alisema baadaye. "Siku hizi kila kitu kiko mtandaoni."

Na kweli, Agape alitafuta mtandaoni. Ijumaa mchana, dukani, kati ya mteja na mteja, alipata picha tatu za kupendeza: shamba la mpunga lenye mfereji na mlima nyuma yake, kundi la wakulima wakiwa wamesimama shambani, na ghala lenye miti pembeni. Akazikata zikawa za mraba, akazibadilisha kuwa faili za ikoni, akaziunganisha na programu zake na kuzijenga upya. Kwenye laptopu yake, zikiwa zimekuzwa, zilikuwa safi kiasi kwamba mwenye duka alisimama nyuma yake akasifu.

Jumamosi asubuhi alipanda basi la Ndungu kwenda kuzijaribu kabla ya siku ya mkutano. Mzee Jabiri alimpokea kwa adabu, akavaa miwani, akainamia skrini ya laptopu ya Agape bila kugusa kitu.

"Unaona nini, mzee wangu?"

"Naona majani."

"Na hiyo ya pili?"

"Majani." Akasogea. "Na hiyo ya tatu pia ni majani, ila yana kitu cheusi pembeni."

"Ukiikuza ni shamba kabisa, na mlima unaonekana."

"Mimi siikuzi, mwanangu. Naiona ilivyo."

Agape aliitazama upya kwa macho ya mzee. Mlima, mfereji na masuke ya mpunga vilikuwa vimebanwa kwenye eneo dogo kuliko kifungo cha shati, na kilichobaki ni doa la kijani. Madoa matatu. Mzee Jabiri akavua miwani, akaifuta kwa shati, na kumuuliza kama ameshakunywa chai.

* * *

Alirudi Same alasiri na kukuta ubao wa zahanati umeegemezwa kwenye geti, upande wa nje, ambako kila apitaye angeuona. Umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi ndefu zilizonyooka, kivuli cha kijivu upande wa kulia: ZAHANTI. Chini yake: WAZI SAA 24.

Zaituni, jirani anayekaanga vitumbua ng'ambo ya njia, alimwita pembeni akamweleza. Ubao ulichukuliwa Ijumaa jioni, na asubuhi hiyo ulirudishwa na mwendesha guta. Yule mtu aliusoma kwa sauti, herufi moja moja, mpaka pale penye A iliyorukwa, huku watu wamejaa. Akasema mwenye zahanati ameagiza wa plastiki kutoka Moshi, na ile pesa ya kutangulizia fundi asijisumbue kuirudisha.

"Alisema hivyo? Asijisumbue?"

"Ndivyo alivyosema. Baba yako akajibu ahsante, akaingia ndani. Mimi nilitaka kuugeuza ule ubao, lakini mzito."

Agape aliuvuta ubao mpaka uani. Ernesta, aliyekuwa ameshuka kutoka Bombo saa sita, alikuwa jikoni anapepeta mchele. Hezroni alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, mikono juu ya magoti.

"Nilikuwa na haraka," alisema kabla hajaulizwa.

"Inatokea, baba."

Akakaa pembeni yake. Alifikiri kwamba njia nzuri ya kuyaacha hayo ni kumpa jambo jingine la kutazama, naye akaitoa laptopu kwenye mkoba, akaifungua na kuiweka kwenye mapaja ya baba yake. "Niangalizie hizi picha. Mzee wa Ndungu amezikataa." Halafu akaanza kutafuta waya wa chaji chini ya mkoba, maana betri ilikuwa imekwisha njiani.

Hezroni aliinama, akairudisha nyuma ile laptopu kidogo, akaitazama kwa makini kwa muda.

"Ni nzuri," alisema. "Rangi zimekaa. Labda hiyo ya juu ungeipunguza kidogo."

Agape alibaki na waya mkononi. Skrini ilikuwa nyeusi.

Aligeuka akamtazama mama yake kwenye mlango wa jiko. Ernesta alikuwa amesikia. Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake, na macho yake yalikuwa chini, kwenye mchele.

"Baba," Agape alisema, "haijawaka."

Hezroni aliondoa mikono yake juu ya kompyuta polepole, kama mtu aliyegusa kitu cha watu bila ruhusa. Upepo ukapiga bati la choo, likagonga mara mbili tatu.

"Mwaka wa pili huu," alisema Ernesta.

"Na wewe ulijua, mama?"

"Unadhani nani anamsomea herufi? Nakaa hapo kwenye ndoo, najifanya nachambua mboga. Namwambia umemaliza A, sasa N. Namwambia mstari unashuka, panda kidogo. Jana sikuwepo."

Agape alimgeukia baba yake. "Kwa nini hukwenda hospitali? Huo ni mtoto wa jicho, baba, unatolewa. Watu wanatolewa kila siku."

"Nikikaa kwenye foleni ya macho leo, kesho mji mzima una habari. Nani ataleta ubao kwa mchoraji asiyeona?"

"Wameshaurudisha ubao."

Ilikuwa kauli ngumu, na aliijutia ikiwa bado mdomoni. Hezroni aliinuka, akashika ukuta kwa kiganja, akaingia ndani.

* * *

Jumapili walikwenda ibadani wote watatu na wakarudi bila kuzungumza mengi. Baada ya chakula Agape alikuta baba yake uani, anaosha brashi ambazo hazikuwa na rangi.

"Naomba unichoree," alisema.

"Usinipe kazi ya kunifariji."

"Sikufariji. Nimeshindwa. Jumatano watanifukuza mbele ya watu, na mama mmoja mpunga wake umekauka kwa sababu yangu."

Hezroni akaacha brashi. Habari ya Sharifa ilikuwa mpya kwake. Aliuliza majaruba mangapi, na kwa siku ngapi, naye akajibiwa.

"Unaona nini hasa, baba?" Agape aliuliza. "Nieleze kweli."

"Umbo naliona. Cheusi na cheupe navitofautisha. Mtu akiingia getini namjua kwa mwendo. Kilichokwenda ni ndani ya kitu. Uso sina, herufi sina. Ni kama kuna maziwa mbele."

"Basi hicho ndicho alichobaki nacho Mzee Jabiri kwenye ile picha. Umbo tu. Vyote vya ndani vimeondoka."

Baba yake alilifikiria hilo. Kisha akaanza kusema polepole, kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani akimfundisha mtu kazi.

"Bango la barabara kuu, anayelisoma yuko ndani ya basi linalokimbia. Hana muda na wewe. Mwenye duka atakuambia uchore sabuni, mafuta, sukari, na picha ya mke wake. Unachora kitu kimoja, kikubwa, anakasirika, halafu wateja wanakuja. Wewe umewawekea mlima. Mlima wa nini? Wote wanauona wakitoka nje."

"Mpunga je?"

"Mpunga kila mtu anao. Huyo mzee, akitaka kumpa mtu maji, anafanya nini? Kwa mikono yake."

Agape aliyakumbuka malango ya ule mfereji: nguzo mbili za saruji zenye mfuo, na ubao mmoja katikati, unaoinuliwa kwa mkono maji yapite chini yake. Alimwelezea. Hezroni akamwambia ageuze ule ubao wa zahanati, ambao mgongo wake ulikuwa mweupe, akachukua brashi pana kuliko zote na kopo la rangi nyeusi iliyobaki. Kwa mikupuo miwili akasimamisha nguzo. Kwa mkupuo wa tatu akalaza ubao kati yake. Ernesta alikuwa ameshakaa kwenye ndoo yake, kwa mazoea, lakini hakuwa na cha kumsomea.

Agape aliupiga picha ule mchoro, akaupeleka kwenye laptopu, na kuufinya mpaka ukawa na vidoti kumi na sita kwenda chini na kumi na sita kwenda kulia. Ukawa ukungu. Akaufuta, akaanza upya kwa kujaza mraba mmoja mmoja: nguzo mbili, kila moja upana wa miraba mitatu, ubao mzito katikati, maji ya buluu chini. Kisha akaipeleka laptopu mpaka mlangoni, hatua sita, akaiinua.

"Unaona nini?"

"Lango," Hezroni alisema. "Lakini limefungwa."

"Ubao uko juu ya maji, baba."

"Umegusana nayo. Mimi naona kitu kimoja. Huyo mzee akiona lango limefungwa atafikiri mnamdhihaki."

Agape akafuta mstari mmoja wa miraba kati ya ubao na maji, ukabaki mweupe. Akarudi mlangoni.

"Bado."

Akafuta mstari wa pili. Hezroni aligeuza kichwa, akatazama kwa pembeni ya jicho, ambako anaona vizuri zaidi.

"Sasa limefunguka," alisema. "Acha hapo hapo, usiongeze kitu."

Kwa orodha ya wanachama walichora kichwa na mabega, rangi nyekundu. Kwa ghala, gunia lililofungwa mdomo kwa kamba, masikio mawili juu, rangi ya udongo. Gunia lilirudiwa mara nne, kwa sababu Hezroni alisema linafanana na paka. Ernesta alicheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka katika nyumba hiyo tangu Ijumaa. Kabla ya jua kuzama Agape alikuwa ameandaa kila picha kwa ukubwa wa namna nne, mdogo mpaka mkubwa, na zote ameziweka kwenye faili zake. Ile kubwa aliitengeneza kwa mkono wa baba yake kama ulivyo, na alama za nywele za brashi zilionekana kwenye nguzo.

* * *

Jumatano ofisi ilijaa mpaka nje. Agape aliziweka programu mpya mahali pa zile za zamani, akafunga madirisha yote ya kompyuta, akawageuzia watu skrini.

Zilikuwa karatasi nyeupe tatu.

Mtu mmoja nyuma akasema, si kwa ubaya, kwamba hata yeye angeweza kuleta hizo kutoka Same. Melkizedeki akatazama saa yake.

"Kompyuta imeshika picha za zamani kwenye kumbukumbu yake," Agape alisema. "Naomba dakika chache niifute kumbukumbu hiyo na kuiwasha upya."

"Siku sita tumeshakupa," alisema mwenyekiti, lakini akampa.

Aliandika alichotakiwa kuandika, akaizima mashine na kuiwasha. Ilikuwa kompyuta ya zamani, yenye kuchelewa. Watu walitazama kile kiduara kinachozunguka. Mwanamke aliyekuwa karibu na Agape akasogeza mkoba wake mbali kidogo.

Skrini ilipowaka, lango lilikuwa hapo, jeusi na buluu. Pembeni yake kichwa chekundu, na gunia.

"Mzee Jabiri," mwenyekiti aliita.

Mzee hakutoka mlangoni. "Nimeshasema neno langu."

"Kaka Jabiri," alisema Sharifa kutoka kwenye benchi, "wewe ndiye uliyekuwa ukinipa maji miaka yote. Njoo ukae. Ukikosea, umekosea mbele yetu, tutajua."

Kwa sababu ni yeye aliyesema, mzee akaja. Akakaa, akatafuta miwani kwenye mfuko wa shati, akaikosa, ikiwa imebaki nyumbani. Vijana wawili wakaangaliana. Yeye akainama tu, akaweka mkono kwenye kipanya, na kukisukuma bila kutazama mkono.

"Hilo ni lango," alisema. "Liko wazi."

Akabonyeza mara mbili. Ratiba ya siku ikafunguka, maandishi makubwa, na hayo aliyasoma akiwa amerudisha kichwa nyuma: Vitus saa mbili mpaka saa tano, Swalehe saa tano mpaka saa nane. Akaifunga, mwenyekiti akamwambia afungue ya mbolea, akabonyeza gunia. Ya wanachama, akabonyeza kichwa. Alirudi kwenye lango mara mbili zaidi bila kuombwa.

Mkutano haukumpigia mtu makofi. Ulijadili kwa saa nzima, na uamuzi ukawa kwamba kompyuta na daftari vitumike pamoja mpaka mavuno, kisha ndipo wakae tena. Kuhusu Sharifa, mwenyekiti alipendekeza kila mwanachama amletee debe moja la mpunga wakati wa kuvuna, kwa kuwa kosa lilikuwa la chama chote. Walikubali kwa kunyoosha mikono. Baadaye, mavuno yalipofika, thelathini na mmoja walileta. Mzee Jabiri alileta mawili, na hakushuka kwenye baiskeli kupokea shukrani.

Sharifa alimkuta Agape nje anafunga mkoba.

"Nani kachora lile lango?"

"Baba yangu. Ni mchora mabango Same."

"Alikuja lini kuuona mfereji wetu?"

"Hajawahi kuuona."

Sharifa alitikisa kichwa taratibu. "Majaruba yangu ni mapepe matupu, suke halina punje," alisema. "Ng'ombe watakula. Nimekuambia ili ujue, si kwa ugomvi. Sasa nenda, basi litakuacha."

* * *

Wiki mbili baadaye waliondoka nyumbani asubuhi na mapema, Hezroni, Ernesta na Agape, kwenda kliniki ya macho. Ilikuwa Hezroni mwenyewe aliyetaja siku. Alisema tu, akivua viatu, kwamba amesikia madaktari wa macho wanakuja Jumanne, na kama Mama Agape ana nafasi angemsindikiza. Wote wawili wakasema nafasi ipo.

Foleni ilikuwa ndefu, na kama alivyohofia, ilijaa watu wanaomjua. Mwenye gereji ambaye aliwahi kumwandikia ubao alimsalimia na kumuuliza amemleta nani. Hezroni akasema, "Nimejileta." Mwenye gereji akasema pole, kisha akaanza kuzungumzia bei ya vipuri.

Muuguzi aliyekuwa anajaza kadi alikuwa dada mdogo, hajainua macho tangu asubuhi.

"Jina?"

"Hezroni Mbwambo."

"Umri?"

"Sitini na minne."

"Kazi?"

Ernesta aliangalia mikono yake. Agape akatazama ukuta, kwenye lile bango la herufi nyeusi zinazopungua ukubwa kadiri zinavyoshuka.

"Mchora mabango," alisema Hezroni.

Muuguzi akaandika. Kisha akasita, akainua uso kwa mara ya kwanza, akamtazama.

"Na macho yameanza kusumbua lini, mzee?"

"Mwaka wa pili huu," alisema. "Sioni herufi hata moja."

Alisema kwa sauti ya kawaida, na benchi zima lilisikia.